Dakika Mbili za Offaly

Jumamosi ya tarehe 22 Agosti 1998, katika uwanja wa Croke Park jijini Dublin, refa Jimmy Cooney alipuliza filimbi ya mwisho huku mchezo ukiwa bado una kama dakika mbili. Nilikuwepo. Watanzania wenzangu wameniuliza mara nyingi ilikuwaje nikajikuta katikati ya ugomvi wa Waayalandi kuhusu saa ya refa, na kila ninapojibu naona kwamba kisa cha dakika mbili hakielezeki peke yake. Inabidi nieleze pia tiketi za bahati nasibu zilizouzwa nje ya kanisa, paa lililovuja, pauni milioni 20 za serikali na bomu la Omagh. Watu wa mji mdogo wa Birr, kaunti ya Offaly, waliyazungumza hayo yote kwa pamoja majira yale ya joto, na hakuna aliyeona sababu ya kuyatenganisha.

Wakati huo nilikuwa mtumishi wa halmashauri ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, mojawapo ya wilaya ambazo serikali ya Ayalandi ilikuwa ikizisaidia miaka ile. Kwa njia hiyo nilipata nafasi ya kusoma masuala ya maendeleo katika chuo cha Kimmage, Dublin. Chuo kilipofunga, sista mmoja wa shirika la Medical Missionaries of Mary, aliyewahi kufanya kazi katika hospitali ya Makiungu, Singida, aliniombea hifadhi kwa kaka yake huko Birr. Kaka huyo alikuwa mstaafu wa Bord na Móna, shirika la umma lililokuwa likichimba mboji kwenye mabwawa ya Offaly. Mboji hiyo ilikaushwa ikachomwa kama kuni majumbani, na ndiyo iliyoendesha mitambo ya umeme ya Ferbane na Shannonbridge. Mkewe alishika pesa za klabu ya parokia. Niliwaita Baba na Mama, nao hawakuchukua muda kuacha kuniita mgeni.

Mchezo wenyewe unaitwa halingi. Kila timu ina watu 15, na kila mmoja ana gongo, kwa desturi la mti wa eshi, lililo bapa kwenye ncha. Mpira ni mdogo, mgumu, wa ngozi, wenye mishono iliyoinuka. Ukiingia wavuni ni goli, na goli moja ni sawa na pointi tatu. Ukipita juu ya mwamba katikati ya nguzo mbili ndefu ni pointi moja. Mechi kubwa za kaunti ni dakika 70. Mpira unakwenda kwa kasi ambayo jicho geni haliwezi kuifuata, na mwanzoni nilikuwa natazama vichwa vya watu jukwaani ili nijue umeelekea wapi. Chama kinachousimamia, GAA, kiliundwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli ya Hayes mjini Thurles, na Michael Cusack pamoja na wenzake, nchi ikiwa chini ya Uingereza, ili michezo ya wenyeji isife. Askofu Mkuu Thomas Croke akawa mlezi wake, na uwanja mkuu ukapewa jina lake.

Wachezaji hawalipwi mshahara. Mtu huchezea parokia yake, kisha akiwa hodari huitwa kuchezea kaunti yake. Hanunuliwi wala hauzwi. Kwa hiyo Brian Whelahan, ambaye wengi walimhesabu kuwa beki bora wa zama zile, alikuwa kijana wa Birr hasa, na watoto wa Birr walimsalimia barabarani kwa jina lake la kwanza. Machi ya mwaka huohuo klabu ya Birr ilikuwa imetwaa ubingwa wa klabu za Ayalandi nzima kwa kuifunga Sarsfields ya Galway. Nilipofika, mji ulikuwa bado na bendera madirishani.

Pesa zilitoka wapi? Jumapili baada ya misa, Mama alikaa kwenye meza ya kukunja nje ya lango la kanisa, daftari la mistari mbele yake na kopo la biskuti la kutilia sarafu kando yake. Tiketi ilikuwa pauni moja. Mnunuzi alichagua nambari zake mwenyewe, na asipopatikana mshindi, dau lilihamia wiki inayofuata likiwa limekua. Mama alijua nani hajanunua. Hakumwita wala kumkumbusha. Aliandika jina lake kwa penseli na kuacha nafasi mbele yake. Wiki iliyofuata mtu yule alifika mwenyewe akalipia zote mbili, na Mama akayapitia maandishi yale kwa kalamu ya wino. Nimefanya kazi na wahasibu wengi maishani, lakini sijaona hesabu iliyokuwa safi kuliko ile ya daftari la Mama. Pesa hizo ndizo zilizolipia chokaa ya mistari, mipira, bima na basi la vijana.

Zilinunua pia magongo. Baba alinipeleka kwa fundi aliyekuwa na karakana nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya mji. Mti wa eshi haukatwi popote tu. Gongo linatoka kwenye futi chache za chini kabisa, pale shina linapopanuka kuingia mizizini, kwa sababu hapo ndipo nyuzi za mti zimejipinda zenyewe, na gongo lililofuata mpindo huo halivunjiki ovyo. Fundi alinishikisha ubao mbichi, akaupitisha ukucha wake kwenye mstari wa nyuzi tangu mpini hadi kwenye ubapa, nao ulipinda bila kukatika. Kisha akafunga ncha kwa utepe wa bati na misumari midogo. Gongo likivunjika katika mazoezi, kijana alileta vipande vyote viwili, na kama kuna namna ya kuviunga, fundi aliviunga bila malipo. Watu wa klabu walikuwa wakidaiana mambo ya namna hiyo miaka nenda rudi, na hakuna mahali yalipoandikwa.

Sasa lile paa. Vyumba vya kubadilishia nguo vya uwanja mdogo walikofanyia mazoezi vijana vilikuwa vinavuja, na klabu ilikuwa imeomba ruzuku katika fedha za bahati nasibu ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1987 na ambayo sehemu ya mapato yake huenda kwenye michezo. Diwani mmoja alikuja kikaoni jioni, akaketi mbele, akaeleza kwamba amezungumza na watu wanaohusika na kwamba barua itafika mezani panapostahili. Uchaguzi wa madiwani ulikuwa mwakani, na kila mtu mle ndani alijua. Alijua pia kila jirani anapigia kura chama gani: vyama vya Fianna Fáil na Fine Gael vilitokana na pande mbili zilizopigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922 na 1923, na kadi za wajukuu zilifuata bunduki za mababu. Mzee mmoja, mchimba mboji kama Baba, alisimama akiwa ameshika kofia yake.

"Mheshimiwa," alisema, "pesa ya bahati nasibu tumeitoa wenyewe pale dukani, Jumatano na Jumamosi. Inakuwaje inaturudia kama zawadi kutoka kwako?"

Hakuna aliyecheka wala kupiga makofi. Diwani alijibu kwa heshima kwamba si zawadi yake, kwamba yeye ni mjumbe tu. Mzee akasema basi mjumbe alete tarehe. Mjadala ukaendelea hadi usiku, na ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza habari ya pauni milioni 20. Katika bajeti ya Desemba 1997, Waziri wa Fedha Charlie McCreevy alikuwa ametangaza kiasi hicho kwa ajili ya ujenzi mpya wa Croke Park. Nusu ya kikao walisema ni haki, kwa kuwa Croke Park ni ya kila parokia na fainali huchezwa huko. Nusu nyingine wakauliza iweje Dublin wapate jukwaa la ghorofa wakati wao wanaweka ndoo chini ya paa. Na mwanamke mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alisema jambo lililonikaa zaidi: serikali ikishaweka mkono katika ujenzi, siku moja itasema na juu ya nani acheze pale ndani.

Aliona mbali. Kanuni ya 42 ya chama wakati huo ilizuia michezo iliyohesabiwa kuwa ya kigeni, kama soka na raga, kuchezwa katika viwanja vyake. Aprili 2001, usiku wa kuamkia kura ya kuilegeza kanuni hiyo, serikali ya Bertie Ahern iliahidi chama pauni milioni 60 nyingine. Asubuhi yake kura zilikuwa 176 za ndiyo na 89 za hapana. Ilihitajika theluthi mbili, na hoja ikaanguka kwa kura moja. Ilipita mwaka 2005, na Februari 2007 Uingereza ikaja kucheza raga Croke Park. Wakati huo nilikuwa nimesharudi nyumbani zamani, lakini niliposoma habari hizo nilimkumbuka mwalimu yule na sauti yake ya upole.

Mimi niliyekuwa nimetoka kwenye halmashauri, kazi yangu kupanga fedha za wafadhili, nilisikiliza kikao kile kama mtu anayesikiliza habari za kwao. Kilosa nilikuwa nimeona vijiji ambako darasa lilijengwa kwa fedha tupu kutoka nje, na hakuna aliyeuliza saruji imekwenda wapi. Na nilikuwa nimeona vijiji ambako kila kaya ilifyatua tofali zake. Huko mwenyekiti alihojiwa mpaka jasho likamtoka. Birr ilikuwa ya namna ya pili. Watu wale walikuwa wakali juu ya refa, juu ya waziri na juu ya bodi ya kaunti kwa sababu moja: mchezo ulikuwa umejengwa kwa sarafu zao.

Msimu wenyewe ulikuwa umeanza kwa aibu. Julai, Offaly walifungwa na Kilkenny katika fainali ya jimbo la Leinster, na kocha wao Babs Keating, bingwa wa zamani wa Tipperary, akawafananisha wachezaji hadharani na kondoo waliorundikana. Johnny Pilkington akamjibu gazetini, kocha akaondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Michael Bond, mwalimu kutoka Galway ambaye wengi Birr hawakuwahi kumsikia. Zamani timu iliyofungwa Leinster ingekwenda nyumbani. Lakini tangu 1997 kulikuwa na utaratibu mpya uliowapa walioshindwa katika fainali za majimbo ya Leinster na Munster nafasi ya pili, na watu waliuita mlango wa nyuma. Offaly wakaupitia, wakawatoa Antrim, wakakutana na Clare katika nusu fainali.

Clare walikuwa mabingwa. Walikuwa wametwaa kombe 1995, kwa mara ya kwanza tangu 1914, wakalitwaa tena 1997, chini ya Ger Loughnane, mtu mwenye moto. Majira hayohayo mchezaji wao wa kati Colin Lynch alifungiwa miezi mitatu kutokana na vurugu za marudiano ya fainali ya Munster dhidi ya Waterford, na Loughnane akaenda kwenye redio ya Clare FM akalishambulia baraza la Munster kwa muda mrefu. Kaunti nzima ya Clare iliamini inaonewa. Tarehe 9 Agosti wakatoka sare na Offaly, goli 1 na pointi 13 kila upande.

Kati ya sare hiyo na marudiano ndipo bomu lilipolipuka Omagh, kaunti ya Tyrone, tarehe 15 Agosti. Watu 29 waliuawa, mmoja wao mama mwenye mimba ya mapacha. Mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu ulikuwa na miezi minne tu. Jikoni kule Birr redio haikuzimwa, na Baba, mtu wa maneno mengi, alikaa siku nzima bila kusema. Jioni jirani mmoja aliingia, na wakaanza kubishana kuhusu Kanuni ya 21, ile iliyowakataza askari na polisi wa Uingereza, pamoja na polisi wa Ayalandi ya Kaskazini, kujiunga na GAA. Mwishoni mwa Mei chama kilikuwa kimefanya mkutano maalumu juu yake na kuamua kutoifuta hadi utaratibu mpya wa polisi uwepo. Jirani alisema walikosa nafasi. Kama wangeifuta Mei, wangekuwa wamesema kitu kwa watu wa Omagh wa dini zote mbili. Baba alisema watu wa kaunti za kaskazini ndio wanaoishi na polisi hao, na si haki mtu wa Birr kuwaamulia. Kanuni hiyo ilifutwa Novemba 2001. Nawaeleza haya kwa sababu watu waliokwenda Dublin Jumamosi ile hawakuwa na mioyo mizima. Nchi ilikuwa ikizika.

Tulikaa katika jukwaa la Hogan. Limepewa jina la Michael Hogan wa Tipperary, aliyepigwa risasi akiwa uwanjani tarehe 21 Novemba 1920, siku majeshi ya Uingereza yalipoufyatulia umati na kuua watu 14. Baba alinionyesha upande alikoangukia kabla hata ya kunionyesha vyoo viko wapi.

Clare waliongoza kwa muda mrefu, na katikati ya kipindi cha pili nilidhani habari imekwisha. Kisha Offaly wakaanza kurudi, pointi baada ya pointi, na watu waliokuwa wamekunja bendera wakazikunjua. Ubao ukasoma Clare goli 1 na pointi 16, Offaly magoli 2 na pointi 10. Kwa hesabu ya pointi ni 19 kwa 16. Goli moja lingetosha kusawazisha, na Offaly ilikuwa timu ambayo katika fainali ya 1994 iliwafunga Limerick magoli 2 na pointi 5 katika dakika tano za mwisho. Kila mtu wa Offaly alikuwa akiwaza hiyo 1994. Baba alitazama saa yake, akanikamata mkono, akasema bado tunao muda. Filimbi ikalia.

Kwanza hakukuwa na kelele za hasira. Kulikuwa na mchanganyiko: watu wa Clare wakirukaruka, watu wa Offaly wakionyeshana saa za mikononi. Mbele yetu bwana mmoja aliivua saa yake na kuinyanyua juu ya kichwa, kisha wa pembeni yake, kisha safu nzima. Pale chini nilimwona refa akizungumza na wasaidizi wake, uso umebadilika, kisha akatolewa nje haraka akizungukwa na watu wa uwanja. Alikuwa amegundua. Mpaka leo naamini kama angebaki pale dakika moja zaidi, angewaita warudi wamalize.

Ndipo watu wakashuka. Hawakukimbia kumtafuta refa, wala hawakuwagusa wachezaji wa Clare. Waliingia uwanjani kwa mamia, wakaketi kwenye nyasi. Akina mama na mikoba yao, mapadri wenye kola, watoto wenye vikofia vya kijani, nyeupe na dhahabu. Baba alikuwa na goti baya, nikamsaidia kuruka kizuizi, naye akakaa chini akanyoosha mguu kama mtu aliyefika kwake. Vipaza sauti viliwaomba waondoke kwa kuwa kulikuwa na mechi ya vijana ya kufuata. Waliobaki walisema wanawaonea huruma vijana hao, lakini hawaondoki. Mechi ya vijana haikuchezwa. Askari polisi walisimama pembeni mikono nyuma, na mmoja wao alimuuliza Baba kuhusu goti lake. Wiki moja baada ya Omagh, katika uwanja uliowahi kumwagika damu, watu wenye hasira ya kweli walichagua kukaa chini. Sijawahi kuona maandamano yenye adabu zaidi.

Jambo moja halikuwa na adabu, na sitaki kulificha. Siku zilizofuata watu walimtafuta refa kwa simu nyumbani kwake na kumtukana. Hakuwa mtu wa mshahara. Marefa wa GAA wanajitolea kama wachezaji. Waamuzi wa golini, wale wanne wenye makoti meupe wanaopeperusha bendera ya kijani kwa goli na nyeupe kwa pointi, ni refa anayewateua, na kwa kawaida ni watu wa klabu yake, wale anaosafiri nao gari moja kutoka nyumbani. Baadaye Cooney alikiri wazi kwamba alikosea, bila kumsukumia mtu mwingine. Katika baa moja ya Birr nilimsikia kijana akisema alihongwa, na wazee watatu wakamgeukia kwa pamoja. Mmoja akamwambia: refa huyu amesema amekosea, wewe umewahi kumsikia waziri akisema hivyo? Kijana akanyamaza.

Lakini mjadala wa wazee hao ulikwenda mbali kuliko kumtetea mtu. Walisema kosa ni la chama, kinachowaweka watu maelfu uwanjani kisha kumwachia mtu mmoja filimbi, daftari la alama na saa, saa ambayo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuiona inavyosoma. Wekeni saa ya wazi ukutani, walisema, na mtu mwingine aisimamie. Nilidhani ni jambo la mwaka ujao. Halingi ikaendelea na saa ya mkononi ya refa miaka mingi baada ya hapo. Mitambo ya kamera ya kuthibitisha kama mpira umepita kati ya nguzo ilifungwa Croke Park mwaka 2013, na honi ya kumaliza kipindi iliingia katika kandanda ya Kigaeli ya wanaume, mchezo mwingine wa GAA, mwaka 2025. Wazee wale wote watatu sasa wamefariki.

Kamati ya michezo iliamua mechi ichezwe upya, na tarehe 29 Agosti tukaenda Thurles, mji uleule kilikozaliwa chama. Offaly wakashinda, pointi 16 kwa 13. Tarehe 13 Septemba, katika fainali, wakakutana tena na Kilkenny, waliowafunga Julai. Whelahan alikuwa mgonjwa wa mafua makali. Alianza nyuma, akazidiwa, na badala ya kumtoa wakampeleka mbele. Akafunga goli 1 na pointi 6. Matokeo yalikuwa magoli 2 na pointi 16 kwa goli 1 na pointi 13. Nahodha Hubert Rigney alipopokea kombe la Liam MacCarthy alisema waliingia kwa mlango wa nyuma lakini wanatoka kwa mlango wa mbele, na wazee wazima karibu yangu walilia. Offaly ilikuwa timu ya kwanza kutwaa ubingwa kwa njia hiyo, na hadi leo haijautwaa tena. Paa la vyumba lilirekebishwa, Mama aliniandikia mwaka uliofuata. Ruzuku ilifika nusu ya walichoomba, na nusu ilitoka kwenye daftari lake.

Kuna watu ambao katika simulizi hii husahaulika, nao ni Clare. Tarehe 22 Agosti walikuwa wametangazwa washindi kwa filimbi ya refa halali. Wangeweza kuing'ang'ania filimbi ile, kukata rufaa, kwenda mahakamani, maana majira yale suala la Lynch lilikuwa limeshawafikisha hadi mahakama kuu. Walikuwa wamechoka, wameshacheza mechi nyingi kubwa mfululizo, mashujaa wao wana majeraha. Wakaenda Thurles, wakacheza, wakafungwa. Katika nyimbo na hadithi za Birr nilizosikia, sifa zote ni za waliokaa kwenye nyasi. Mimi nilikaa pamoja nao na sijutii, ila naona haki haikupatikana kwa kukaa peke yake. Ilipatikana kwa sababu upande wa pili ulikubali kurudi uwanjani.

Nililisema hili miaka kadhaa baadaye, Dar es Salaam, kwa mhandisi wa maji kutoka Ennis, mji mkuu wa Clare, aliyekuja kikazi wizarani. Nilitegemea atafurahi. Aliweka kikombe chini, akasema asante kwa sifa, lakini tuanze mwanzo: Lynch angekuwa uwanjani, kusingekuwa na sare tarehe 9, na kama kusingekuwa na sare, Cooney asingepewa mechi yoyote ya kuharibu. Nikamwambia Lynch alifungiwa na baraza la Munster, na marudiano yaliamriwa na kamati ya taifa, ni vyombo viwili tofauti. Akasema tofauti hiyo anaijua vizuri, baba yake alikuwa mjumbe wa bodi ya kaunti, lakini wote wanakaa chumba kimoja na wanaulizana waziri yuko upande gani. Nikamuuliza basi klabu yake ya parokia ilipata kiasi gani katika zile ruzuku za bahati nasibu. Akakitaja, nikamtajia cha Birr, na hapo ndipo alipovua miwani na kusema hiyo ndiyo kesi aliyotaka tuizungumze tangu mwanzo.